Kodi Bila Funguo
Kijitabu cha elimu kwa umma kuhusu kuwekeza katika majengo ya biashara bila kuwa mwenye nyumba

Kwa nani

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa mwalimu aliyestaafu ambaye kiinua mgongo chake kimekaa benki na kila wiki anapigiwa simu na mtu mwenye "mpango". Kimeandikwa kwa chama cha wafanyabiashara wa nguo Gikomba ambacho kimeweka akiba miaka mingi na sasa wanachama wanasema, "Tununue jengo." Kimeandikwa pia kwa kijana anayefanya kazi Doha au Dallas, anayetaka mali nyumbani lakini hana wa kuwasimamia mafundi.

Wote hawa wameona jambo moja la kweli: jengo zuri la biashara, liwe la ofisi, maduka, bohari au mabweni ya wanafunzi, hulipa kodi mwezi baada ya mwezi, na kodi hiyo kwa kawaida hupanda kila mwaka. Lakini ghorofa la ofisi Westlands ni mamia ya mamilioni ya shilingi, na mwenye kulimiliki anaamshwa usiku pampu ya maji ikiharibika. Ndipo unapokuja uwekezaji tunaouzungumzia hapa. Watu wengi wanachanga, wataalamu wananunua na kusimamia, nawe unalipwa sehemu yako ya kodi. Funguo hushiki, wala mpangaji humjui.

Mauzo ya uwekezaji huu hutilia mkazo jengo lenyewe: vioo vyake, eneo lake, picha yake jioni taa zikiwaka. Sisi tutatilia mkazo mambo mawili ambayo huamua utapata nini mwishoni, yaani bei uliyoingilia na mlango utakaotokea. Tumeona watu wakiumia huku jengo limesimama imara na wapangaji wanalipa. Ukijua ni kwa nini, utakuwa umejua sehemu kubwa ya somo hili.

Yaliyompata mwenye vipande vya Fahari

Mwaka 2013 Kenya ilitunga kanuni za mifuko ya uwekezaji katika majengo, ambayo sokoni huitwa riti. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mwishoni mwa mwaka 2015 mfuko wa kwanza uliouzwa kwa umma, Fahari, ukaingia Soko la Hisa la Nairobi. Kipande kimoja kiliuzwa kwa shilingi 20. Mwananchi wa kawaida, kwa akaunti ileile ya CDS (ya kuhifadhia hisa kielektroniki) aliyonunulia hisa za Safaricom, aliweza kumiliki sehemu ya jumba la maduka la Greenspan, Donholm, pamoja na majengo mengine jijini.

Waanzilishi walitarajia kukusanya shilingi bilioni 12.5. Walipata takriban bilioni 3.6.

Upungufu huo haukuwa bahati mbaya tu. Oktoba 2015, wiki chache kabla, hati za serikali za siku 91 zilikuwa zimevuka riba ya asilimia 20. Mwenye fedha alijiuliza kwa nini aziweke katika jengo alilotajiwa faida ndogo kuliko hiyo, wakati serikali ilikuwa tayari kumlipa zaidi ndani ya miezi mitatu. Swali lilikuwa la haki, na hadi leo ndilo swali la kwanza mtu anapaswa kujiuliza kabla ya kununua riti yoyote.

Sasa angalia kilichofuata. Mfuko ulijengwa kubeba bilioni 12.5, lakini ukabeba chini ya theluthi yake. Mdhamini (anayeshika mali kwa niaba ya wawekezaji), meneja, mkaguzi wa hesabu na mthamini wote walihitaji kulipwa, na gharama hizo zikaangukia majengo machache. Greenspan peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya mali yote, kwa hiyo afya ya mfuko mzima ikategemea jumba moja la mtaa mmoja. Mwaka 2019 wenye vipande walilipwa senti 75 kwa kila kipande. Kwa aliyenunua kwa shilingi 20, hiyo ni asilimia 3.75, chini ya alichoweza kupata katika akaunti ya muda maalumu benki.

Bei sokoni ikashuka mwaka baada ya mwaka, ikafika karibu shilingi 6. Thamani ya majengo yenyewe ukiigawa kwa idadi ya vipande ilibaki juu zaidi ya bei hiyo kwa mbali. Wengi walishindwa kuelewa: majengo yangali pale, hayajaungua, hayajauzwa kwa hasara, mbona fedha zimeyeyuka? Jibu ni kwamba aliyeshika kipande hawezi kwenda kukata tofali lake. Anachoweza ni kutafuta mtu wa kumuuzia, na siku hiyo mnunuzi hakuwa tayari kulipa zaidi ya shilingi 6.

Mwaka 2023 wawekezaji wadogo wakapewa nafasi ya kuuza vipande vyao kwa shilingi 11, na Februari 2024 Fahari ikaondolewa kwenye ubao mkuu wa soko la hisa na kuhamia jukwaa la dhamana zisizoorodheshwa. Mtu aliyenunua siku ya kwanza na kutoka kwa shilingi 11, hata ukimjumlishia magawio yote ya miaka hiyo, hakurudisha mtaji wake, achilia mbali kupanda kwa bei ya unga na mafuta katika kipindi hicho.

Upande wa pili wa hadithi hiyohiyo hausemwi sana. Aliyenunua vipande vilevile kwa shilingi 6, akalipwa senti 65 kwa mwaka 2022, alipata zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, kisha akapewa shilingi 11. Majengo yalikuwa yaleyale, meneja yuleyule. Kilichotofautiana ni bei ya kuingilia.

Hatuelezi haya ili kuwatisha watu waache riti. Tunayaeleza kwa sababu Fahari ilikuwa na kibali, ilikuwa na mdhamini na ilitoa hesabu kila mwaka. Haikuwa ulaghai. Ilikuwa uwekezaji wa halali ulioanza kwa bei isiyofaa, ukiwa mdogo mno kwa gharama zake, na mwenye kipande akakosa mlango mzuri wa kutokea. Mtu mwaminifu kabisa anaweza kukupotezea fedha kwa njia hiyo.

Kodi inavyopungua njiani

Muuzaji akikwambia, "Jengo hili linaleta asilimia 10," muulize ni asilimia 10 ya nini, na imehesabiwa kabla ya nani kulipwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Jengo lina thamani ya shilingi milioni 100. Likijaa wapangaji wote na wote wakalipa, kodi ya mwaka ni milioni 10. Hiyo ndiyo asilimia 10 iliyo kwenye tangazo.

Lakini hakuna jengo linalojaa siku zote. Tuseme sehemu ya tano iko tupu au mpangaji wake hajalipa: zinabaki milioni 8. Walinzi, usafi, lifti, bima, ada za kaunti na ukarabati zikichukua milioni 1.8, zimebaki 6.2. Wakala anayekusanya kodi huchukua asilimia yake. Kwa asilimia 6 ya kilichokusanywa, ni shilingi 480,000. Sasa tuko kwenye milioni 5.72. Meneja wa mfuko, mdhamini, mkaguzi na mthamini kwa pamoja wakichukua asilimia moja na nusu ya thamani ya mali, ni milioni 1.5 nyingine. Imebaki milioni 4.22. Kanuni za Kenya zinaitaka riti ya mapato igawe angalau asilimia 80 ya faida yake halisi. Ikigawa kiwango hicho cha chini, wenye vipande watapokea takriban milioni 3.4.

Asilimia 10 imekuwa asilimia 3.4, na hakuna aliyeiba hata senti.

Jengo likijaa vizuri na mfuko ukiwa mkubwa, picha huwa nzuri zaidi, kwa sababu gharama nyingi hazipandi sambamba na ukubwa. Mkaguzi wa hesabu hamlipishi mwenye majengo ishirini mara ishirini ya anachomlipisha mwenye jengo moja. Kwa hiyo udogo wa mfuko ni hatari yenyewe, na mfuko unaoshindwa kufikia lengo lake la kukusanya fedha ni wa kuutazama upya hata kama ulikuwa umekwisha kushawishika. Waraka wa toleo huwa unaeleza kiwango cha chini kabisa ambacho kisipofikiwa kila mtu anarudishiwa fedha zake. Kitafute. Mwaka 2016 mfuko wa ujenzi wa kampuni ya Fusion haukupata idadi ya wawekezaji inayotakiwa kikanuni, na toleo likakwama hapo. Wakati ule lilionekana pigo kwa soko zima. Kwa wachache waliokuwa wameleta fedha, ulikuwa ulinzi uliofanya kazi yake.

Mpangaji ndiye jengo

Jengo la biashara bila mpangaji ni deni lenye paa. Bado linadaiwa ada za kaunti, bado linahitaji mlinzi, na bado linachakaa.

Katika majumba ya maduka ya Afrika Mashariki, mpangaji mkuu karibu kila mara ni supamaketi. Yeye huvuta wateja, na wenye maduka madogo hupanga pale kwa sababu yake. Kwa kulijua hilo, hujadiliana kodi ya chini kwa kila futi ya mraba. Nakumatt iliwahi kuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne, na wenye majengo waliona jina lake kwenye mkataba kuwa ni dhamana tosha. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe. Tuskys nayo ikayumba mwaka huohuo wa 2020. Uchumi ilikuwa imeshadhoofika kabla yao. Jumba lililopoteza supamaketi yake halikupoteza kodi ya mpangaji mmoja tu. Duka la dawa, la simu na la viatu nayo yaliona wateja wakipungua, yakaomba punguzo au yakaondoka. Naivas, Quickmart na Carrefour walijaza nafasi nyingi zilizoachwa, lakini waliingia wakiwa wenye nguvu ya kupanga bei.

Ofisi zina ugonjwa wake. Majengo mengi mapya ya ofisi yalikamilika Nairobi katikati ya miaka ya 2010, kuliko idadi ya kampuni za kuyajaza, kisha mwaka 2020 korona ikawafundisha waajiri kwamba baadhi ya kazi hufanyika nyumbani. Kampuni nyingi zimetoka katikati ya jiji na Upper Hill kwenda Westlands. Ukiambiwa kuhusu ofisi, usiridhike na kiwango cha kujaa cha leo. Uliza mikataba inaisha lini.

Na hapo kuna jambo la kisheria ambalo mwekezaji mdogo hulipita bila kulisoma. Nchini Kenya, upangaji wa duka, hoteli au mgahawa usio na mkataba wa maandishi, au wenye mkataba wa miaka mitano au chini ya hapo, unalindwa na sheria ya wapangaji wa biashara, Sura ya 301. Mwenye jengo hawezi kupandisha kodi au kumwondoa mpangaji wa namna hiyo bila kufuata ilani na utaratibu, na mpangaji ana haki ya kwenda kwenye baraza la kodi za biashara. Ndiyo sababu utakuta mikataba mingi ya maduka ni ya miaka mitano na miezi mitatu, au sita. Ukisoma taarifa ya mfuko ukaona sehemu kubwa ya maduka yake iko kwenye mikataba mifupi au iliyokwisha muda na haijahuishwa, fahamu kwamba ile ahadi ya kodi kupanda kila mwaka inaweza isitekelezwe kwa wepesi ulioandikwa.

Njia zilizopo leo

Riti za Kenya ni za aina mbili kubwa. Ya mapato hununua majengo yaliyokwisha kujengwa na kugawa kodi. Ya ujenzi hutumia fedha zako kujenga, na faida hungoja jengo likamilike na lipangishwe au liuzwe. Hatari zake hazifanani hata kidogo. Riti ya mapato haitakiwi kukopa zaidi ya asilimia 35 ya thamani ya mali yake katika hali ya kawaida, ilhali ya ujenzi inaruhusiwa kufika asilimia 60. Riti ya ujenzi haiuzwi kwa umma kwa jumla. Kiwango cha chini cha kuingia ni shilingi milioni 5. Atakayekuletea "riti ya ujenzi" kwa shilingi 50,000 mtaani anakuuzia kitu kingine.

Tangu mwaka 2021 riti mbili za kampuni ya Acorn, ya ujenzi na ya mapato, zimekuwa zikijenga na kumiliki mabweni ya wanafunzi Nairobi yanayojulikana kwa majina ya Qwetu na Qejani. Ya ujenzi hujenga, kisha huiuzia ya mapato jengo lililojaa. Utaratibu huu una mantiki, kwa kuwa mwenye kutaka kodi tulivu habebi hatari ya zege na kibali. Lakini muuzaji na mnunuzi wanatoka mlango mmoja, kwa hiyo bei ya kila uhamisho inategemea uaminifu wa mthamini huru na macho ya mdhamini. Soma nani alithamini. Mwaka 2024 likaanzishwa jukwaa la simu, Vuka, linalomwezesha mtu wa kawaida kuingia katika riti hiyo ya mapato kwa maelfu machache ya shilingi. Machi 2023 nayo riti ya Imara, iliyotokana na majengo ya mfuko wa pensheni wa LAPTRUST, iliorodheshwa katika kitengo cha wawekezaji wenye mitaji mikubwa.

Ukipima yote haya kwa kigezo cha mlango wa kutokea, utaona soko bado ni changa. Vipande vinavyouzwa na kununuliwa kila siku kwa wingi ni vichache mno. Kwa ushauri wetu, fedha unazoweka humu ziwe zile ambazo hutazihitaji kwa miaka mitano hadi saba. Karo ya muhula ujao si fedha za riti, hata kidogo.

Nchini Tanzania, Watumishi Housing, inayosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, ndiyo iliyofungua njia ya mfuko wa majengo, nao ulielekezwa hasa kwenye nyumba za makazi za watumishi wa umma. Taasisi hiyo ina pia mfuko wa Faida, ulioanzishwa mwaka 2022, na hapo watu huchanganyikiwa. Mfuko wa Faida, sawa na ile ya UTT AMIS, huweka fedha zaidi katika hati fungani, amana na dhamana za namna hiyo. Mfuko huo unaweza kuwa mahali pazuri pa akiba yako, lakini usiwasimulie wajukuu kwamba umenunua ghorofa.

Yasiyo na kibali

Njia inayowafikia watu wengi zaidi si riti. Ni kampuni inayosema inajenga, inaomba fedha zako kwa mkataba wa kurasa tatu, na inaahidi faida iliyopangwa tayari, madhubuti, inayolipwa kila mwezi.

Oktoba 2021 mifuko miwili ya namna hii jijini Nairobi, iliyokuwa imekusanya zaidi ya shilingi bilioni 10 kutoka kwa maelfu ya watu na kuahidi hadi asilimia 18 kwa mwaka, iliwekwa chini ya msimamizi kwa sababu haikuweza kulipa. Mahakama Kuu baadaye ikaamuru ifilisiwe. Waliopoteza hawakuwa wajinga. Miongoni mwao walikuwemo watu waliosoma, waliostaafu kazi nzuri, waliotembelea maeneo ya ujenzi wakaona kreni zikizunguka. Mradi ulionekana kwa macho. Kilichokosekana ni kile kisichoonekana: mdhamini anayeshika hati miliki kwa niaba ya wawekezaji, na msimamizi wa serikali anayeweza kuuliza maswali kabla mambo hayajaharibika.

Tunasisitiza hapa kuliko popote pengine katika kijitabu hiki. Kodi ya majengo haiwezi kulipa asilimia 18 ya uhakika. Umeona hesabu yenyewe juu. Anayeahidi hivyo ama anabeba hatari asiyokwambia, ama anawalipa wa jana kwa fedha za leo. Orodha ya waliopewa leseni iko wazi kwenye tovuti ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na ofisi yao hupokea simu. Tafuta jina kamili la bidhaa unayouziwa, sio la kampuni peke yake, maana kampuni inaweza kuwa na leseni ya jambo moja na ikakuuzia jingine lisilo na leseni. Hicho ndicho kichochoro walichopotelea wengi.

Chama kikitaka jengo lake chenyewe

Wapo watakaosoma haya yote na kusema, "Basi tununue wenyewe." Hatuwakatazi. Vyama kadhaa nchini vimefanya hivyo na vimefaulu. Lakini tambueni kwamba hapo uwekezaji unaacha kuwa wa kukaa kando: wawili au watatu miongoni mwenu watageuka wasimamizi wa jengo bila mshahara, na kwa uzoefu wetu uchovu wao ndio huanza kuvunja chama, kabla hata ya fedha.

Mkiamua, mali iwe kwa jina la kampuni au chama cha ushirika kilichosajiliwa, kamwe isiwe kwa jina la mwenyekiti "kwa muda". Utafutaji rasmi wa hati ufanywe na wakili wenu, asiyelipwa na muuzaji. Kwa ardhi ya Nairobi iliyoingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Ardhisasa, hufanyika humo. Kodi ya biashara hutozwa VAT ya asilimia 16 mwenye jengo anapofikia mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka, tofauti na nyumba za makazi, kwa hiyo hesabu mlizozoea za nyumba za kupangisha Rongai au Kasarani hazitoshi. Na andikeni mapema, kabla hamjapendana sana na jengo, mwanachama anayetaka kutoka atalipwaje na kwa bei gani. Jengo haligawanyiki kama mfuko wa sukari.

Aliye ng'ambo, na mwenye kuchunga sharia

Mkenya aliye nje anayepangisha nyumba yake moja kwa moja, naye kisheria si mkazi wa Kenya, hukatwa ushuru wa asilimia 30 ya kodi nzima, bila kuondoa gharama. Wengi hawalijui hili hadi barua ya mamlaka ya mapato, KRA, ifike. Riti ya mapato iliyosajiliwa haitozwi ushuru wa kampuni. Kinachokatwa ni kiasi kwenye gawio linapolipwa. Muulize mshauri wa ushuru hali yako binafsi, kwa sababu nchi unayoishi nayo inaweza kutaka sehemu yake. Kumbuka pia sarafu. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilivuka shilingi 160, na miezi michache baadaye ikawa karibu 130. Aliyetuma dola zake katika wakati mmoja na aliyetuma katika wakati mwingine walinunua idadi tofauti kabisa ya vipande.

Muislamu anayeepuka riba asidhani kwamba kodi ikiwa halali basi riti nzima ni halali. Mfuko unaweza kuwa na mkopo wa benki, unaweza kuweka fedha zake za akiba kwenye amana ya riba, na mpangaji wake anaweza kuwa baa au benki ya kawaida. Uliza kama kuna bodi ya sharia na kama kuna taarifa ya kutakasa mapato. Uliza kwa maandishi. Njia iliyopangwa kwa misingi hiyo tangu mwanzo ni sukuk (hati ya uwekezaji isiyo na riba) ya Linzi, iliyoingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2023 kugharimia ujenzi wa nyumba za bei nafuu. Hiyo ni nyumba za makazi, wala si majengo ya biashara.

Kabla ya kulipa, na baada ya kulipa

Mwanzoni mwa mwaka 2024 hati za serikali za muda mfupi zilivuka tena asilimia 16. Kisha riba zikashuka. Fanya ulinganisho kwa riba ya wiki unayonunua, ambayo Benki Kuu huitangaza wazi: gawio la riti, ukiligawa kwa bei ya leo ya kipande, linazidi hati ya serikali kwa kiasi gani? Kama halizidi, ni kupanda gani kwa kodi au kwa thamani kunakokufanya usubiri? Ukikosa jibu la maneno yako mwenyewe, bila kurudia ya muuzaji, subiri.

Halafu soma ripoti ya mwaka. Usianze na barua ya mwenyekiti. Anza na maelezo ya hesabu yaliyo mwishoni. Hapo utaona wapangaji watano wakubwa wanaleta sehemu gani ya kodi, ni kodi kiasi gani haijalipwa zaidi ya siku 90, ni mikataba mingapi inaisha ndani ya miezi 24, na ni malipo gani yamekwenda kwa kampuni zenye uhusiano na meneja. Maelezo ya malipo hayo ya mwisho tunayathamini kuliko mengine yote. Ukiona gawio limelipwa huku fedha taslimu zilizokusanywa ni pungufu ya gawio hilo, kuna mtu anakopa au anauza ili kukufurahisha.

Ukishanunua, hudhuria mkutano mkuu, hata kwa mtandao. Wenye vipande wa Fahari ndio waliopiga kura kuhusu hatima ya mfuko wao, na wasiopiga kura waliamuliwa na waliopiga. Mfuko wa fidia wa wawekezaji uliopo hulinda dhidi ya dalali mwenye leseni aliyefilisika na mali yako. Kushuka kwa bei haukufidii.

Mwisho, andika namba ya akaunti yako ya CDS, jina la dalali wako na la mfuko, umpe mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini. Weka taarifa za benki ya kupokelea gawio zikiwa sahihi kila unapobadili akaunti au namba ya simu. Gawio lisilodaiwa kwa miaka kadhaa hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali Isiyodaiwa, na vipande vyenyewe vinaweza kufuata. Familia inaweza kuvidai, na kutafuta jina ni bure, lakini itahitaji cheti cha kifo, hati za mirathi na subira ya miezi mingi kwa ajili ya kitu ambacho karatasi moja ndani ya kabati ingekionyesha siku ya kwanza.